Mtoto Hakuwa Amelewa

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, nawasalimu. Mwinjilisti ameniomba nifupishe, na ananijua: mimi nikianza kusema, chakula kinaungulia jikoni. Nitajitahidi. Ila leo mnivumilie, maana sikuja kushuhudia tu. Nimekuja kufuta ushuhuda niliowahi kuutoa hapa hapa, mbele yenu, na nyinyi mkaupokea kwa shangwe.

Mnanifahamu, mimi ni Mama Alinda. Nimezaliwa Kaisho, nikaolewa hapa Nyakasimbi. Nyumba yangu na ya baba mkwe zimetenganishwa na migomba tu. Mama mkwe alishatangulia, Mungu amrehemu. Mume wangu ananunua ng'ombe, siku nyingi yuko Kyerwa minadani. Kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mwanangu Alinda, na baba mkwe ng'ambo ya migomba.

Alinda alikuwa anakaribia miaka mitatu, na alitembea mapema kuliko wenzake. Kabla ya ugonjwa alikuwa na mchezo wake: anaweka ndizi mbivu kichwani, anaachia mikono, anaipeleka kwa babu yake bila kuiangusha. Babu akiipokea anasema, "Asante, mzee mwenzangu." Ndivyo walivyoitana. Nami, wapendwa, nilikuwa naona wivu kidogo, maana mtoto akiamka hakuniulizia uji, aliuliza babu yuko wapi.

Sasa, baba mkwe anakamua ndizi. Hilo nalo mnalijua, wengine mmekunywa kwake, msiniangalie hivyo. Ndizi zikishaivishwa shimoni, anazimenya, anazitia kwenye ule mtumbwi wa mti, anazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Maji yale yakiwa mapya ni omuramba, matamu, hayalevyi, na watoto hupanga foleni na vikombe vyao. Yakitiwa mtama na kufunikwa mpaka yachachuke, ndiyo yanakuwa rubisi, pombe yenyewe. Mimi nimekua nakunywa omuramba. Lakini tangu nilipookoka nilikuwa na vita na ule mtumbwi. Nilikuwa nasubiri tu kosa.

Tetekuwanga ikaja. Ilipita kila nyumba yenye mtoto, na Alinda ilimshika vibaya. Malengelenge yalimtoka mpaka ndani ya mdomo, mpaka sehemu za siri, akawa analia kila akikojoa. Zahanati walinipa dawa ya kupaka na ya homa. Akapoa. Magamba yakakauka, yakaanza kudondoka, akaomba tena kwenda kwa babu. Nikasema nenda. Nikamshukuru Mungu, nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharage.

Siku hiyo baba mkwe alikuwa anakamua.

Nikiwa nimeinama nikasikia kishindo cha miguu kwenye njia ya migombani. Nikainuka. Alinda alikuwa anakuja, lakini hakuwa anakuja vile ninavyomjua. Miguu ameitanua. Mikono ameiinua juu usawa wa mabega. Anakanyaga kwa nguvu, hatua hii ndefu, ile fupi, anataka kuja kwangu lakini mwili unampeleka pembeni. Akaushika mgomba, akasimama, akauacha, akaanguka ubavu. Aliponiita, maneno yalitoka mazito na yamevutika. Kisha akatapika. Matapishi yakanuka ndizi.

Nikamuuliza, "Nani amekupa kitu?"

"Babu."

"Amekupa nini?"

"Muramba."

Nilisikia alichosema. Nikaamua kusikia kingine.

Nilikwenda uani kwa baba mkwe na jembe mkononi. Mnajua desturi zetu. Mke wa mwanao hasimami uso kwa uso na wewe akakunyooshea kidole. Mimi nilisimama, nikanyoosha, nikapaza sauti mpaka majirani wakasogea. "Baba, umemlewesha mtoto!"

Yeye alikuwa bado ndani ya mtumbwi, nyasi zimemfunika miguu. Hakufoka. Akasema, "Mama Alinda, nimempa omuramba, kidogo. Na hawa wenzake wamekunywa. Mbona wenzake hawapepesuki?"

Watoto walikuwa pale, na vikombe vyao, wamesimama wima wananitazama. Swali lile lilikuwa swali la kweli. Ningelijibu siku ile, nisingekuwa na cha kuwaambia leo. Badala yake nikasema, "Kuanzia leo mtoto wangu asikanyage hapa, na mkono wako usimguse." Nikageuka nikaondoka. Njiani nilijisikia vizuri. Nasema ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Kesho yake Alinda alikuwa vile vile. Keshokutwa, vile vile. Mimi nikasema mzee anampenyezea kwa siri. Wanawake wenzangu walipopita kuazima kinu walimwona, wakaanza utani: "Huyu mlevi leo amenywea wapi?" Tukacheka. Mimi mwenyewe nikamwita atoke jikoni aende mpaka kwenye uzio ili wamwone vizuri. Akaenda, miguu upande huu na huu, mikono juu. Tukacheka mpaka nikajishika mbavu. Naye akacheka, kwa sababu mama yake anacheka. Safari ya pili aliangukia jiwe la kunolea panga, mdomo ukapasuka, damu ikajaa shingoni. Akaniangalia akaniambia, "Mama, nimelewa."

Nikamfuta damu.

Jumapili nikaja hapa. Mlikuwepo. Nilisema adui ameingia nyumbani kwangu kupitia chombo cha pombe, amemgusa mtoto asiye na hatia, na aliyemtuma ni mtu mzima ambaye sitamtaja. Sikumtaja, lakini nilisema anaishi ng'ambo ya migomba yangu. Nikawaomba tumwombee aache kulewesha watoto. Mkasema Haleluya. Kwaya ikaimba. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kama kawaida yake. Wimbo ulipoisha hakuwepo.

Jumatatu asubuhi nilimwamsha mtoto kabla ya chochote kuingia kinywani mwake. Nikamkalisha kitandani. Alikuwa anayumba akiwa amekaa. Macho yake yalikuwa yanarukaruka, hayatulii mahali. Nikampa kikombe cha uji, mkono ukatetemeka ukielekea kwenye kikombe, ukakipita, ukarudi, ukakipiga, uji ukamwagika. Nikausogeza uso wangu kwenye mdomo wake, nikanusa. Ulinuka usingizi tu.

Hapo nilijua. Wapendwa, hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kabla ya hapo naweza kujitetea, sikujua. Lakini asubuhi ile nilijua kwamba mtoto wangu anaumwa, na bado sikumpeleka hospitali siku ile, wala iliyofuata. Nilikuwa nimeshasema kanisani. Nikimpeleka, daktari atasema si pombe, na watu watauliza, ushuhuda wako vipi? Nikaona heri nisubiri, labda itaisha yenyewe. Nilimfungia ndani asionekane. Kila akianguka nilisikia kichwa kinavyogonga sakafu, nikakimbia kumwinua, nikamwekea majani na blanketi chini. Nilifanya kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa.

Baba Alinda aliporudi kutoka mnadani alisimama mlangoni, akamwangalia mwanawe anavyomjia. Hakuuliza mengi. Nilipoanza habari za rubisi akanikata. "Mama Alinda, mlevi akilala anaamka mzima. Huyu ameamka hivi siku ngapi?" Akamfunga mtoto mgongoni kwangu yeye mwenyewe, akawasha pikipiki.

Hospitalini tulimkuta daktari mwanamke, kijana, mpole. Hakumshika mtoto kwanza. Alimwacha atembee kwenye korido, akawa anamtazama tu, kwenda na kurudi. Akamwambia asimame abane miguu. Alinda hakuweza, alidondoka mikononi mwa nesi. Akamwambia aguse pua yake, kisha aguse kidole cha daktari. Kidole cha mtoto kilitetemeka kikakosa. Ndipo akachuchumaa akamuuliza kwa upole, "Alinda, unaumwa wapi?"

Alinda akasema, "Mimi mlevi."

Nesi akaangua kicheko, kisha akaniona usoni, akanyamaza. Daktari hakucheka. Akaniuliza, "Nani amemwambia hivyo?"

Nikasema, "Ni mimi."

Daktari akatueleza. Akasema, mtoto anapoanza kutembea, akiwa na mwaka au zaidi kidogo, hutanua miguu na kuinua mikono, na kukanyaga kwa wayo mzima, kwa sababu bado anatafuta mizani ya mwili wake. Kadiri mizani inavyokaa sawa, miguu inasogeleana, mikono inashuka yenyewe, na kisigino kinatangulia kukanyaga. Mzazi akitazama tu mwendo anaweza kujua mtoto amefika wapi. "Mwanao alikuwa ameshavuka huko," akasema, "sasa amerudishwa. Miguu yake ina nguvu, nimeipima. Kilichoumia ni mizani." Akaweka mkono wake kisogoni kwa Alinda. "Iko huku, nyuma ya ubongo." Kisha akauliza kama mtoto aliugua karibuni. Nikasema tetekuwanga. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema mara chache, mwili ukishapigana na ugonjwa kama ule, hujisahau ukaumiza na sehemu hiyo.

Hakuishia hapo. Alitaka kuhakikisha si homa ya uti wa mgongo. Walimlaza ubavu, wakamkunja magoti yafike kidevuni, nesi akambana asisogee, wakachoma sindano mgongoni kuchukua maji. Mimi ndiye niliyeshika kichwa chake. Alikuwa analia anamwita babu. Hakuniita mimi, na nilikuwa nimemshika.

Maji yalitoka safi. Tulilazwa siku kadhaa. Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari: "Je, kuchelewa kwangu ndiko kulikomfanya awe hivi?"

Akasema, "Kwa ugonjwa huu, hapana. Wengi wanapona, kwa wiki au miezi. Lakini hukujua kama ni huu, Mama. Ingekuwa ule mwingine, tusingekuwa tunaongea hivi."

Watu wananiambia, basi, si umesikia, hukumdhuru mtoto. Nashukuru. Lakini mimi ndiye niliyesikia mtoto wa miaka mitatu akimjibu daktari ugonjwa wake unaitwaje.

Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha cha kufanya. Mtoto asibebwe kila mahali, atembee, maana mizani hairudi mgongoni kwa mama. Atembee peku. Umshike kiunoni, si mikononi, ili mikono ijifunze kazi yake. Umpeleke mahali ambapo akianguka haumii. Asiachwe peke yake karibu na moto wala ngazi. Na kubwa kuliko yote, awe na mtu asiye na haraka.

Mimi nina haraka tangu kuzaliwa. Kahawa ilikuwa imeiva, mume wangu alikuwa amerudi Kyerwa, na kila nikimshika Alinda kiuno namsukuma bila kujua. Anaanguka, nagomba, analia. Siku moja alinichomoka, akashika njia ya kwa babu yake, anapepesuka hivyo hivyo. Nikamfuata. Baba mkwe alikuwa amekaa kibarazani. Alinda alipofika karibu akayumba, akanyoosha mikono kwake. Mzee akainuka upesi, halafu akaipeleka mikono yake nyuma, akaifunga kiunoni. Mtoto akaanguka kwenye mavumbi miguuni pake.

Baba mkwe akaniangalia, machozi yanamlengalenga. Akasema, "Sina ruhusa."

Nilitamani anitukane. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtu aliyefiwa. Nikamtafuta shangazi wa mume wangu, maana nisingeweza kwenda tena kwa mzee peke yangu, tukaenda pamoja, nikapiga magoti mbele ya mzee. Nikasema nimekosa. Nikaeleza daktari alivyosema. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe uliniombea kanisani. Mimi nikuombee nini sasa? Mlete mtoto."

Alimpeleka migombani. Mnajua shamba la baba mkwe lilivyo, limetandikwa nyasi na majani makavu mpaka mguu unazama. Ukianguka pale ni kama umeanguka kitandani. Na migomba iko karibu karibu, ukiuacha huu unaushika ule. Alikuwa anamshika kiuno kwa vidole tu, kama tulivyoelekezwa, wanatoka mgomba mpaka mgomba, wakifika wanapumzika, anamsimulia habari za ng'ombe wa zamani. Mimi nilikuwa nachuma kahawa huku nawachungulia. Mwanzoni mikono ya Alinda ilikuwa juu mabegani. Baadaye ikashuka kifuani. Miguu ikaanza kusogeleana. Macho yakatulia. Maneno yakarudi mepesi. Siku moja nikaona kisigino kinatangulia chini, nikaliacha kapu la kahawa likamwagika, nikapiga vigelegele peke yangu mibunini kama kichaa.

Amepona. Daktari alimwona tena akasema hana shida. Anakimbia, anaruka mfereji, anasimama kwa mguu mmoja akinionyesha. Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi na daktari yule, nesi aliyecheka akanyamaza, shangazi aliyekubali kunisindikiza, na mume wangu ambaye hajawahi kunikumbusha. Namshukuru baba mkwe.

Sasa sikilizeni nililolijia. Baba mkwe ameacha kukamua. Mtumbwi ameuegemeza ukutani, unapasuka kwa jua. Na hapa kanisani mlipopata habari hizo mlifurahi, mkasema maombi yamejibiwa, Mama Alinda ushuhuda wako umemgeuza mzee. Mmenipa mkono pale mlangoni nami nikaupokea. Nilipaswa kusema siku ile. Wapendwa, mzee hakugeuzwa na Mungu. Alivunjwa na mimi. Hakumlewesha mtoto yeyote. Watoto wetu siku hizi hawanywi hata omuramba kwake, kwa sababu wakija na vikombe anawaambia warudi kwa mama zao. Na Jumapili haji tena, kwa sababu mtu mmoja kati yetu, simtaji, alimpongeza barabarani kwa kuokoka na kuacha kulewesha watoto. Ile Haleluya mliyosema, naomba muirudishe. Tukitoka hapa, atakayekutana na mzee amsalimie kama alivyomsalimia zamani, basi, asimwongezee neno.

Kwenu wazazi: mtazameni mtoto anavyotembea. Kila mtoto ana mwendo wake, na wewe unaujua. Ukibadilika ghafla, akianza kutanua miguu aliyokuwa ameshaikusanya, au mkono ukitetemeka kwenye kikombe, usimcheke, usimtafute wa kumlaumu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama umeshasema neno la uongo, nenda hospitali na uongo wako, utaurekebisha ukirudi.

Ningependa kuwaambia kwamba kwetu mambo yote sasa ni sawa. Jana jioni Alinda alimwona babu yake anakuja kwa ile njia, akatimua mbio kumpokea, mbio kweli kweli. Mzee akachuchumaa, akafungua mikono. Kisha akaniona nimesimama mlangoni. Mikono ikarudi nyuma, kama siku ile kibarazani. Mtoto hakukuta kitu, akajizuia mwenyewe, akasimama pale kwenye mteremko kwa miguu yake miwili, na hakuanguka. Nyinyi mngekuwepo mngeshangilia kwamba hakuanguka. Mimi nilikuwa natazama ile mikono.